Mleta Zawadi na Mla Watoto

Mtoto anayezaliwa Kizimkazi, kule mwisho wa Unguja upande wa kusini, hakui akimngoja mzee mwenye ndevu nyeupe amletee zawadi usiku. Zawadi zake huja sikukuu, na anajua fika zinatoka wapi. Nguo mpya imeshonwa na fundi aliyempima mabega mwenyewe. Mkono wa Idi anapewa mchana kweupe na mjomba, shangazi, babu na jirani, mmoja baada ya mwingine, na hata mtoto wa miaka mitano anajua nyumba ipi hutoa mia tano na ipi hutoa elfu. Akibahatika kupelekwa mjini, fedha hizo huisha jioni hiyo hiyo Mnazi Mmoja, kwenye pembea, aiskrimu na vitu vya kuchezea vya plastiki. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kuwa mabishano ya wazazi wa Ulaya na Marekani juu ya Baba Krismasi, kama ni sawa kumwambia mtoto kuwa yupo na kama ataumia siku atakapojua hayupo, hayatuhusu hata chembe. Nasema yanatuhusu, na sababu yake si Krismasi. Mtoto wa Unguja naye hulelewa pamoja na viumbe wasiokuwepo. Wa wenzetu huleta, wa kwetu hula. Na katika hao wawili, anayeidhuru zaidi akili ya mtoto ni huyu wa kwetu.

Tuanze na huyo wa wenzetu, maana historia yake haina siri. Nikolasi alikuwa askofu wa mji wa Myra, pwani ya kusini ya nchi tunayoiita leo Uturuki, katika karne ya 4. Habari yake iliyoenea kuliko zote ni ile ya baba fukara aliyekuwa na binti watatu na hana mali ya kuwaozea, na ya mifuko ya dhahabu iliyotupwa ndani ya nyumba usiku ili mtoaji asijulikane. Mwaka 1087 mabaharia waliihamisha mifupa yake hadi Bari, Italia. Waholanzi wakamfanya mgeni wa watoto wa kila mwanzo wa Disemba, wahamiaji wakampeleka New York, na mwaka 1823 shairi lililochapishwa katika gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York, likampa gari la kuteleza juu ya theluji na kulungu wanane wa kulivuta. Kuanzia 1931 Haddon Sundblom akamchora kwa matangazo ya Coca-Cola, mashavu yamewiva na koti jekundu, na sura hiyo ndiyo tunayoiona leo katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam. Krismasi yenyewe si ngeni Unguja. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini, juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa Juni 1873, liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Mzee wa zawadi ni jambo jingine, na Mkristo anaweza kuiadhimisha sikukuu yake maisha yake yote bila ya kumhitaji.

Wengi hudhani kuwa mtoto humwamini mzee huyu kwa sababu akili yake haijakomaa, basi. Uchunguzi hauonyeshi hivyo. Mwaka 2004 Jacqueline Woolley wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake walichapisha jaribio la kiumbe mpya waliyembuni wao: mchawi wa kike apendaye peremende, ambaye usiku huchukua peremende za mtoto na kumwachia kitu cha kuchezea. Watoto wa skuli ya awali walisimuliwa habari zake, na baadhi ya wazazi wakakubali kufanya mabadilishano hayo kimya kimya wakati mtoto amelala. Waliokuta kitu asubuhi walimwamini zaidi kuliko wale ambao hawakutembelewa. Yaani walikuwa wanapima ushahidi: watu ninaowaamini wamesema, peremende hazipo, na hiki hapa kimeachwa. Hakimu angeamua vivyo hivyo. Na akili ile ile iliyoijenga imani ndiyo inayokuja kuibomoa. Mwaka 1994 Carl Anderson na Norman Prentice walichapisha matokeo ya mahojiano na watoto 52 ambao hawamwamini tena Baba Krismasi. Kwa kawaida waligundua wenyewe, wakiwa na umri wa kama miaka 7, na walipoeleza walivyojisikia, hisia nzuri zilizidi mbaya. Waliohuzunika ni wazazi.

Matokeo hayo yanaeleweka ukiitazama kazi anayoifanya mtoto huyo. Mwandiko wa kwenye kikaratasi cha zawadi unafanana na wa mama. Karatasi ya kufungia ilikuwa kabatini wiki iliyopita. Nyumba hii haina hata bomba la moshi, ambamo husemwa ndimo aingiliamo, sasa alipita wapi? Watoto wa dunia nzima ni wengi na usiku ni mmoja. Anauliza, anaona jibu linapwaya, ananyamaza, mwakani anauliza tena. Kila mwaka kiumbe huyu huja nyumbani siku inayojulikana na kuacha alama, na kila alama inaweza kuchunguzwa. Isitoshe, kuchunguza hakumgharimu mtoto kitu kikubwa, kwani akikosea hapotezi ila zawadi moja. Mwaka 1897 msichana wa New York mwenye miaka 8, Virginia O'Hanlon, aliliandikia gazeti la The Sun akitaka aambiwe ukweli, kwa kuwa wenzake walikuwa wakisema hayupo. Mhariri Francis Church alimjibu kuwa yupo, kwa maana kwamba upendo na ukarimu vipo. Jibu lile limechapishwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 100 na watu wanalipenda mno. Kwa maoni yangu lilimdhulumu yule mtoto. Aliuliza juu ya mtu, akajibiwa juu ya hisia, na akili iliyokuwa imekaribia kufika ikarudishwa nyuma kwa maneno mazuri.

Sasa tumtazame zimwi. Mtoto wa kisiwani akikataa kulala huambiwa zimwi linakuja. Akichelewa nje magharibi huambiwa kuwa hiyo ni saa ya mashetani. Kuna mbuyu usiopitwa peke yako, kuna pango lisilochunguliwa, na kwa miaka mingi pwani yote hii ilikuwa na mumiani, mnyonya damu za watu, ambaye uvumi wake wa zama za ukoloni mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima mwaka 2000. Kwa mtazamo wa haraka hawa ni ndugu wa Baba Krismasi: hawaonekani, kazi yao ni ya usiku, na watu wazima huwatumia kumtia mtoto adabu. Lakini namna wanavyokaa kichwani mwa mtoto ni tofauti kabisa. Zimwi halina siku ya kuja, kwa hiyo haliwezi kuonekana limekosa miadi. Haliachi kitu asubuhi, kwa hiyo hakuna cha kukagua. Mtoto akilala na lisije, hilo huhesabiwa kuwa ni ushahidi kwamba kulala ndiko kulikomwokoa. Na gharama ya kujaribu imepandishwa juu mno: anayetaka kujua kama mbuyuni kuna kitu lazima aende mbuyuni, usiku, peke yake, na akikosea ataliwa. Hakuna mtoto mwenye akili zake atakayelifanya jaribio hilo. Matokeo yake, kwa zimwi haipo siku ya kugundua. Halikanushwi hata mara moja. Linaacha tu kutajwa mtoto akishakuwa mkubwa, na kinachoacha kutajwa hakijaondoka.

Kuna jambo jingine linaloliongezea zimwi nguvu, nalo ni uso wa anayelitaja. Mwaka 2006 Paul Harris na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa watoto wana uhakika zaidi juu ya vijidudu vya maradhi, ambavyo hawajaviona kamwe, kuliko juu ya majitu na wachawi. Walitoa maelezo kuwa mtoto husikiliza namna jambo linavyosemwa, siyo lililosemwa tu. Vijidudu hutajwa kama kitu cha kawaida kisicho na mjadala, ilhali jitu hutajwa kwa namna ambayo mtoto anaionea shaka. Kwetu mambo hayako hivyo kila mara. Bibi anayemwonya mjukuu wake asipite chini ya mbuyu hasemi kwa mzaha, kwa sababu yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na aliyeamini, naye hakuwahi kwenda kuangalia. Mtoto anausoma uso ule na kuusadiki, na ana haki ya kuusadiki.

Ushahidi wa mahali hofu ya namna hii inapofikia tunao wenyewe. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulizuka Pemba na kuvuka hadi Unguja. Alisemwa kuwa ni shetani anayewavamia watu wazima vitandani mwao. Watu waliogopa kulala ndani, familia nzima nzima zikakesha nje zimezunguka moto, na Unguja mjini kundi la watu likamuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania ndiye. Mwanaanthropolojia Martin Walsh ameonyesha jinsi hofu hiyo ilivyofungamana na siasa za mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kwamba Pemba iliwahi kupatwa na hofu kama hiyo mwaka 1965. Nakubaliana naye kuwa simulizi za utotoni peke yake hazizai popobawa. Lakini wasiwasi wa kisiasa hauna sura. Ili ugeuke kuwa kitu kinachoingia dirishani usiku, lazima ukute watu ambao tayari wanaye kiumbe wa kuingia dirishani, waliyefundishwa tangu wangali mapajani na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza swali. Watu wazima wa mwaka 1995 walikuwa watoto walioachwa nusu ya njia.

Mzazi wa Kizimkazi ana jibu, na jibu lake si jepesi. Atasema: hapa pana bahari, pana mapango, pana visima vya kale, na mtoto wa miaka minne haelewi maelezo, zimwi linamzuia pale ambapo maneno hayamzuii. Ni kweli hofu hufanya kazi haraka. Kasoro yake ni kuwa inamfukuza mtoto mahali bila ya kumfundisha hatari iliyopo. Bahari ya Kizimkazi ina hatari zinazohesabika: maji ya bamvua yanayojaa na kumkuta mtu yuko mbali juu ya mwamba, mkondo, na maboti ya kupeleka wageni kuangalia pomboo, yanayotoka na kuingia kwa kasi kila asubuhi. Mtoto wa mvuvi huyajua yote hayo mapema, tena kwa undani. Anaweza kukwambia mwezi ukiwa mpevu maji yatafika wapi ufukweni, na siku za maji mafu yataishia wapi. Elimu hiyo hakuipata kwa kutishwa. Alionyeshwa, na kila siku bahari ilimpa nafasi ya kuhakikisha kwamba alichoambiwa ni kweli. Wazee wanaosema mtoto hawezi kufahamu kwa nini asiingie pangoni ndio hao hao waliomfahamisha mwendo wa mwezi na maji, jambo lililo gumu zaidi mara nyingi kuliko kumweleza kuwa pango lina giza, linateleza na lina shimo.

Pingamizi ya pili ni nzito kuliko ya kwanza: mtoto akizoeshwa kulihoji zimwi leo, kesho atamhoji Mwenyezi Mungu. Wakristo wa Ulaya nao huuliza hivyo juu ya Baba Krismasi, na mwaka 2016 wataalamu wa saikolojia Christopher Boyle na Kathy McKay waliandika katika jarida la The Lancet Psychiatry kwamba uongo huo unaweza kumfanya mtoto awatilie shaka wazazi wake katika mengine. Nadhani hofu hiyo inamdharau mtoto. Yeye hutazama watu wazima wanaishi vipi na lile wanalolisema. Hakuna mtu mzima anayeamka alfajiri kwa ajili ya zimwi, wala anayefunga mwezi mzima, mchana kutwa chomboni juani, kwa ajili ya mzee wa zawadi. Mtoto anaona kuwa haya ya dini wakubwa wanayafanya hata asipokuwepo wa kuonyeshwa, na yale mengine ni ya kumlazia yeye. Na dini yenyewe haikulinyamazia suala hili. Katika mkusanyiko wa Hadithi wa Abu Dawud imo habari ya Abdullah bin Amir, ambaye utotoni mama yake alimwita aje ampe kitu. Mtume alikuwepo, akamuuliza mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Walimu wa madrasa wanaifahamu habari hii. Ikiwa ahadi ya tende isiyokuwepo inaandikwa, sijui vipi tishio la zimwi lisilokuwepo litasamehewa kwa kuwa tu limemlaza mtoto. Kwa kipimo hicho Baba Krismasi naye haponi, na simpigii debe aletwe Kizimkazi. Ninachosema ni kuwa kosa lake humpa mtoto njia ya kulitambua, na kosa letu humzibia.

Atatokea wa kusema kuwa huko ni kuziua hadithi, na kwamba mtoto asiye na majitu ana utoto mkavu. Hapa sina budi kupinga kwa nguvu zote, kwa sababu hadithi na vitisho si kitu kimoja. Katika mkusanyiko ule ule wa Abu Dawud, Bibi Aisha alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume alimuuliza farasi gani huyo mwenye mbawa. Akamjibu kwa kuuliza kama hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakuna aliyedanganywa hapo, wala hakuna aliyemnyang'anya mtoto farasi wake. Wazee wetu waliujua mpaka huo vizuri sana. Msimulizi alipoita paukwa na watoto wakaitika pakawa, kila aliyekuwa barazani alifahamu kuwa wanaingia kwenye hadithi, na ndani yake zimwi liliruhusiwa kula kijiji kizima bila ya mtoto hata mmoja kukosa usingizi. Jirani na Kizimkazi, Makunduchi, kila Julai watu wazima huadhimisha Mwaka Kogwa kwa kupigana kwa mashina ya migomba na kuchoma moto kibanda cha makuti. Ugomvi ule si wa kweli, wote wanajua, na furaha yake haipungui kwa kujulikana.

Tena hadithi zetu bora zinafundisha kuchunguza. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Waanglikana Zanzibar, alichapisha mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa hapa na wenyeji, na miongoni mwake ni ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Nunda alianza akiwa paka wa sultani. Alikula mifugo, akala watu, na kila walipokuja kushtaki sultani aliwafukuza, mpaka wanawe mwenyewe walipoliwa. Kijana wa mwisho akaingia msituni kumtafuta. Akaua mnyama, akamletea mama yake na kuuliza kama huyu ndiye. Mama akasema siye. Akarudi msituni akaua mwingine, mkubwa zaidi, naye siye, akaendelea hivyo hadi kwa wanyama wakubwa kama twiga na tembo, kabla ya kumpata mwenyewe. Watoto waliosikiliza hadithi hiyo barazani walikuwa wanamsikia shujaa ambaye hakimbii jitu. Anakwenda kulitafuta, analeta alichokipata mbele ya mtu anayemwamini, anakubali kuambiwa siye, na anaondoka tena. Sijui tumefikaje mahali pa kuiacha hadithi hiyo na kubaki na tishio la kulazia.

Na Kizimkazi yenyewe inacho kitu ambacho skuli nyingi za dunia zingekitamani. Kijijini husimuliwa habari za mfalme Kizi na fundi Kazi. Kwa namna mojawapo ya masimulizi hayo, fundi alijenga msikiti mzuri mno hata mfalme akamkata mkono asije akajenga mwingine mahali pengine. Maadui walipokuja kwa bahari, Kizi aliomba na nyuki wakatokea wakawatimua. Walipokuja mara ya pili aliomba tena, mwamba ukafunguka, akaingia, ukamfunga. Msikiti wenyewe upo Kizimkazi Dimbani na unasaliwa mpaka leo. Kuta zake nyingi ni za matengenezo ya karne ya 18, lakini kwenye mihrabu kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, herufi zake zikimea vijitawi kama maua. Maandishi hayo yanasema kuwa sheikh Abu Imran aliamuru ujengwe, mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni katika maandishi ya tarehe ya kale kabisa kwenye pwani yote ya Waswahili. Jina la Kizi halimo.

Mtu mwenye haraka atasema basi Kizi ni uongo, afutwe. Mwenye haraka ya upande wa pili atamficha mtoto lile jiwe ili mfalme asipotee. Yote mawili yanampotezea mtoto somo ambalo liko umbali wa kutembea kwa miguu. Mwalimu anaweza kulisimulia darasa lake habari za Kizi jinsi zinavyosimuliwa, nyuki na mwamba na mkono wa fundi, kisha akawapeleka Dimbani, akawaonyesha mihrabu na kuwauliza Kizi yuko wapi hapa. Waliosoma madrasa miaka michache watahangaika na zile herufi, maana Kufi haisomeki kwa urahisi, lakini tarehe wataelezwa na kuikokotoa wenyewe kutoka Hijria. Wengine watasema huenda Kizi na Abu Imran ni mtu mmoja. Wengine watasema Kizi alikuja baadaye, mwingine atasema walimtunga kwa ajili ya jina la kijiji, na yupo atakayeuliza kama fundi aliyechonga maua yale aliwahi kuwapo na alikuwa na mikono mingapi. Mwalimu hana haja ya kuwa na jibu la hilo la mwisho.